Tangazo Mlangoni kwa Bi Zainabu

Kitumbua cha kwanza nilichopewa kwenye hitima ya Bi Zainabu kilikuwa cha hamira. Nilikijua kabla hakijafika mdomoni. Hamira ya pakiti huumua unga mbio mbio na kuacha harufu yake. Kitumbua cha tembo hakina haraka, ukikimega kina vishimo vidogo vidogo ndani, na uchachu wake huusikii mpaka umeshakimeza. Nilikuwa nimekaa chumba cha juu ya duka lake, chini ya boriti zilizopakwa chokaa, katikati ya wanawake waliokuwa wakisoma Kurani na kupangusa macho, na badala ya kulia nikakasirika. Mwanamke aliyewatilia tembo tamu akina mama wa nusu ya Mji wa Kale, leo hitima yake inaliwa kwa hamira? Mwanajuma, binti yake, aliuona uso wangu ulivyokunjamana, akaja kuninong'oneza. "Mishi, usinitizame hivyo. Kazungu hakugema leo. Yuko hapo nje na wanaume, tangu asubuhi yuwalia." Nikaona haya. Nikaomba kitumbua cha pili na kukila chote.

Asiyekulia huku akisikia tembo hufikiria ulevi tu, na hakosei sana. Ni maji yanayogemwa kwenye kilele cha mnazi. Yakishushwa alfajiri ni matamu, mtoto aweza kunywa. Jua likipanda yanaanza kuchacha. Ikifika jioni ni pombe, na aliyekunywa utamjua kwa mwendo wake. Bibi zetu waligundua zamani kwamba yale ya asubuhi huumua unga wa mchele kuliko kitu kingine chochote. Basi Kazungu, mgema wa Kigiriama kutoka Kisauni, alivuka daraja kila siku na dumu moja la manjano nyuma ya baiskeli, akalifikisha kwa Bi Zainabu kabla maduka mengine hayajafunguliwa. Akina mama walikuja mmoja mmoja, vikombe vimefichwa chini ya buibui. Hakuna aliyesema "nipe tembo." Alisema "Bi Zainabu, nitilie," akanyoosha mkono, na akishatiliwa ndipo alipokumbuka kwamba nyumbani iliki imekwisha, na nazi, na bizari. Duka lilikuwa na sheria moja tu. Adhana ya adhuhuri ikitoka, kilichobaki dumuni humiminwa kwenye mtungi wa siki kule jikoni, na hata angekuja kadhi mwenyewe na kikombe, hapati.

Mimi niliingia duka hilo nikiwa na miaka ishirini na saba, cheti cha kompyuta kwenye mkoba na kiburi cha kutosha. Nilikuwa nimebisha milango ya ofisi zote nilizozijua, kutoka bandarini hadi Tudor, na zote ziliniambia niache namba ya simu. Siku moja nilikwenda kununua mdalasini, Bi Zainabu akaniuliza nafanya kazi wapi, nikasema popote, akaniambia, "Basi popote ndipo hapa, ingia ndani." Hatukuwa na udugu wowote. Nilimkuta mjane wa makamo, mfupi, mwenye sauti ndogo ambayo watu walilazimika kunyamaza ili waisikie. Mchana tulikula jikoni nyuma ya duka, tukikaa juu ya vibao vya mbuzi viwili, vile vya kukunia nazi: wali na mbaazi, au samaki wa kupaka, na mara zote pilipili iliyotiwa siki yake mwenyewe. Dirisha la jikoni lilitazama uchochoro, na kwa kuwa lilikuwa na mbao za kukatakata, waliokaa barazani nje walidhani hakuna mtu ndani. Nimejifunza habari nyingi za mtaa huo nikiwa na tonge mkononi.

Kosa langu lilitokana na kutaka kusaidia, na makosa ya namna hiyo ndiyo yanayouma zaidi. Niliona duka halina hata karatasi moja ya kusema linauza nini. Nikaenda kwenye duka la kuchapa, nikakaa kwenye kompyuta saa nzima, nikachagua herufi nene za kijani na picha ya mnazi pembeni. TEMBO TAMU FRESHI KILA ASUBUHI. KARIBUNI WOTE. Nikalibandika mlangoni kwa gundi, nikarudi nyuma hatua tatu kulitazama, nikajiona nimekwisha kuwa meneja. Bi Zainabu alitoka na kulitazama naye. Yeye alisomea chuo cha Kurani, akaandika kwa herufi za Kiarabu; hizi nyingine hazikuwa zake. "Maandishi mazuri," akasema. "Yasema n'ni?" Nikamsomea. Alitazama juu na chini ya uchochoro, akasema, "Haya," na kuingia ndani. Ningekuwa na akili ningelibandua wakati huo huo.

Siku chache baadaye walikuja watu wa leseni. Mbele yao alikuwa bwana mmoja mrefu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inasimama, Mkristo kutoka Machakos aliyeitwa Bwana Mutua. Alisalimia vizuri, akavua kofia, akasoma tangazo langu kwa sauti kubwa kana kwamba yuko kanisani, kisha akaomba kuona leseni ya kuuza pombe. Bi Zainabu akamwambia pombe hajawahi kuuza maisha yake. Bwana Mutua akaonyesha mlango. "Mama, mimi sikutunga. Hapa imeandikwa tembo." Bi Zainabu akaeleza habari ya asubuhi na adhuhuri, ya unga na vitumbua, naye akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Sheria haijui asubuhi na adhuhuri. Sheria inajua tembo. Nani ameandika hili tangazo?" Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mizani, na kwenye rafu ya nyuma yangu kulikuwa na mkebe wa gundi, brashi bado imo ndani. "Mimi," akasema Bi Zainabu. Nikainama, nikaanza kupanga mawe ya mizani ambayo tayari yalikuwa yamepangwa. Bwana Mutua akamwandika yeye kwenye kitabu chake. Dumu likachukuliwa, na tukaachiwa karatasi: ama aache kabisa kuuza, ama aombe leseni kama wenye baa.

Naomba nieleweke. Bila tembo, duka lile lilikuwa kabati la viungo tu. Iliki na bizari zilipatikana kila kona, na supamaketi ya barabarani ilikuwa na baridi ya mashine na vigari vya kusukuma. Kilichowaleta akina mama kwa Bi Zainabu ni kile kikombe. Kikiondoka kikombe, duka linakwenda, na pale ndipo alipokuwa akiishi, akipika, akisali na kupokea wageni. Alikaa jikoni siku nzima, jioni akaniita. "Lete hiyo karatasi yao. Tutaomba." Nikamwambia, Bi, wewe na leseni ya pombe? Akajibu, "Mimi na kikombe cha watu. Andika."

Kuijaza fomu ya ombi kulitufanya tucheke kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nilimsomea maswali naye akajibu huku akikuna nazi. Idadi ya viti vya wateja? "Andika kimoja. Changu." Saa ya kufunga? "Adhuhuri." Kuna choo cha wanaume? "Waambie msikiti uko mbele hapo, wakatawadhe." Umewahi kupatikana na hatia yoyote? "Bado." Mwishoni akatia jina lake kwa herufi za Kiarabu, kwa utaratibu. Nilitaka kumwambia pale pale: Bi, samahani, mimi ndiye niliyeandika, nitakwenda kusema. Badala yake nikaikunja fomu. Niliogopa jina langu kuingia kwenye kitabu cha serikali, mimi niliyekuwa bado nasubiri ofisi zinipigie simu.

Sheria ilitaka ombi litangazwe. Basi pale palipokuwa na herufi zangu za kijani tukabandika karatasi nyingine yenye muhuri: OMBI LA LESENI YA KUUZA POMBE, jina la mwombaji, na maelezo kwamba mwenye pingamizi alilete mbele ya kamati. Kabla ya alasiri picha yake ilikuwa imeingia kila simu mtaani. Nikiwa jikoni na tonge langu nilisikia mazungumzo ya barazani. "Bi Zainabu afungua baa." "Ati uzeeni hivi!" "Na lile tangazo la kwanza alilitia mwenyewe, kwa tamaa." Bi Zainabu alikuwa amekaa mbele yangu. Alisikia kila neno. Akanisogezea pilipili, akasema, "Kula, mwanangu, wali wapoa." Nikarudisha tonge sahanini.

Akina mama wakapungua. Wachache walipita na vikombe vitupu wakitazama ukuta wa pili. Bi Zainabu hakutaka kumkatiza Kazungu riziki yake, kwa hiyo dumu liliendelea kuja, na kila adhuhuri lilimiminwa karibu lote kwenye siki. Mtungi ukajaa. Tukanunua wa pili, nao ukajaa. Nyumba nzima ikanuka siki mpaka nguo zangu. Halafu akaja Maalim Sudi, aliyesomesha watoto nyumba ya tatu kutoka kwetu, mtu mkali lakini hakuwa mbaya. Hakuingia. Alisimama mlangoni, akasema, "Bi Zainabu, wewe ni jirani yangu, na nimekuja kukwambia mbele ya mato yako. Siku ya kamati n'takwenda kukupinga. Nina majina ya watu." Bi Zainabu akamjibu, "Nenda, Maalim. Ni haki yako. Chai hunywi?" Akakataa chai, akaondoka akiwa amefadhaika kuliko sisi.

Siku ya kamati tuliamka mapema kuliko Kazungu. Wazo la Bi Zainabu lilikuwa rahisi. Atalibeba tembo la asubuhi ndani ya dumu dogo, ataliweka mezani mbele ya wakubwa, walionje wenyewe, waone ni maji matamu. Tuliitwa saa tatu. Tulifika saa mbili na nusu, tukaketi kwenye benchi ndani ya ukumbi, dumu miguuni. Waombaji wengine walikuwa wenye baa wa Majengo na Makupa, wanaume wa suti na mafaili, wakimtazama bibi wa buibui na dumu lake kama mtu aliyepotea njia. Bwana Mutua alikaa karibu na mlango. Maalim Sudi alikaa upande wa pili, karatasi yake ya majina imekunjwa mfukoni. Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita. Tukaambiwa mwenyekiti yuko njiani. Saa tano dumu likaanza kutoa sauti, ssss, kama paka aliyekasirika.

Sijawahi kuogopa plastiki kama nilivyoogopa siku ile. Tembo halingoji mwenyekiti. Joto la ukumbi lilikuwa linalipika polepole, na kila dakika iliyopita ushahidi wetu ulikuwa ukigeuka kuwa kile tulichosema sicho. Bi Zainabu alilegeza kifuniko kwa vidole viwili lipumue, akakikaza tena. Povu likachungulia. Harufu ikatoka. Mwenye baa mmoja akainama akacheka, "Mama, hiyo sasa imefika, nionje mimi kwanza." Mwenyekiti akaingia saa sita kasoro, wakaanza kwa wenye mafaili. Nikamnong'oneza Bi Zainabu: tuseme tu ni la asubuhi, tutie sukari, hawatajua. Alinitazama kwa namna ambayo bado naiona. Kisha adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka msikiti wa karibu. Akasimama, akabeba dumu kwa mikono miwili, akamuuliza Bwana Mutua, "Mwanangu, mfereji uko wapi?" Bwana Mutua akamfungulia mlango, akatoka naye. Sote tuliokuwa kwenye mabenchi, hata Maalim, tulimwona kupitia dirishani, amechutama kando ya ua, akimwaga tembo lote mpaka tone la mwisho, akisuuza dumu kwa maji ya bomba. Aliporudi kuketi, jina lake likaitwa.

Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, amechoka na njia. "Umeleta sampuli?" akauliza. "Nilileta," akasema Bi Zainabu. "Adhuhuri imetoka, nimeimwaga." Mwenyekiti akavua miwani. "Umemwaga ushahidi wako mwenyewe?" Bi Zainabu akasema, "Ikishatoka adhuhuri si halali kwangu kuitoa kwa mtu. Hata kwenu." Watu wakacheka. Mwenyekiti akauliza kama kuna pingamizi. Maalim Sudi akasimama, akatoa karatasi yake, akaishika bila kuifunua. "Bi mwenyekiti, mimi nimekuja kupinga, na bado napinga. Leseni ya pombe asipewe. Lakini niseme na hili. Huyu alikuwa na haja ya kile kilicho dumuni kuliko sote humu, na hapana aloona saa ila yeye. Nimemwona kwa mato yangu. Mtu huyo hauzi pombe." Mwenyekiti akamgeukia Bi Zainabu. "Umesikia. Anasema usipewe." "Nami sitaki kupewa," akasema Bi Zainabu. "Sasa mama, kwa nini umeomba?" "Nimeambiwa niombe."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata wenye suti. Bwana Mutua, ambaye hakuwa ameulizwa, akasimama na kofia yake mkononi, akasema kwamba ofisa aliyeandika kesi ile ni yeye, na kwamba kama kamati inaruhusu, angependa kuongeza kwamba sheria kweli haijui asubuhi na adhuhuri, lakini yeye sasa anajua. Wanakamati walinong'onezana mezani muda mrefu. Mwishowe mwenyekiti akasoma: ombi limekataliwa, kwa sababu kinachouzwa si pombe, atafute kibali cha kawaida cha chakula, na mauzo yakome adhuhuri. Bi Zainabu hakuelewa mara moja. Alinishika kiwiko. "Wamekataa?" Nikasema ndiyo, Bi, wamekataa. "Alhamdulillahi," akasema, akaniegemea, na ndipo nilipojua kwamba yule mwanamke asiyetikisika alikuwa akitetemeka mwili mzima. Nililia pale pale mbele ya wenye baa. Nililia kwa raha.

Barua ya kukataliwa ilipofika aliipeleka kwa fundi wa fremu. Maduka mengine huning'iniza leseni. Bi Zainabu aliitundika LESENI IMEKATALIWA juu ya mizani, ndani ya kioo, na kila mgeni alilazimika kusomewa. Asubuhi ya kwanza mke wa Maalim Sudi ndiye aliyetangulia na kikombe, mchana kweupe, juu ya buibui na si chini yake. Bwana Mutua naye alianza kupita kila adhuhuri, kwa kazi, alisema, kuhakikisha dumu linamwagwa; na kwa kuwa amekwisha fika, hangekataa kitumbua. Mwaka ulipokwisha nilipata kazi ya kuchapa, na baadaye nikafungua chumba changu mwenyewe Makupa: kadi za harusi, barua za kuomba kazi, matangazo ya kila namna. Siku ya kuaga nilikusudia kuungama. Bi Zainabu alinipa chupa mbili za siki na dua ndefu, na mimi mwoga nikazipokea, nikaenda zangu. Tangu siku hiyo, kila nikibandika tangazo la mtu mlangoni, moyo wangu huuma kidogo.

Baada ya hitima nilishuka. Duka lilikuwa limefungwa nusu, fremu iko pale pale, karatasi imegeuka rangi ya chai. Bwana Mutua alikuwa kwenye benchi nje pamoja na Kazungu. Amestaafu, mgongo umeinama kidogo, lakini pasi ya shati ni ile ile. Nikampa mkono. Aliushika akanitazama sana. "Wewe ndiye uliyeandika lile tangazo," akasema. Baada ya miaka yote hiyo, mara moja nikajiona nimerudi nyuma ya mizani. Nikamuuliza alijuaje. "Dada, gundi ilikuwa nyuma yako, na vidole vyako vilikuwa vikipanga mawe yaliyokwisha pangwa. Na fomu ya mama ilitiwa jina kwa herufi za Kiarabu." Kazungu naye akacheka huku machozi yakimtoka. "Hilo hata mimi nalijua. Mtaa wote walijua, siku mbili tatu tu baada ya kamati. Ni nani angemdhania Bi kompyuta?" Nikaketi nao. Bwana Mutua akaendelea taratibu. "Siku ya kamati nilimfuata nje kwenye mfereji. Nikamwambia, mama, hayo maandishi si yako, ngoja nisahihishe kitabu. Alikataa. Alisema: ukimwandika yule mtoto humo, hatashika kalamu tena. Niandike mimi, mimi kalamu sina."

Nililia msiba wangu hapo, kwenye benchi, si kule juu. Lakini kilio kile kilikuwa chepesi, kama mtu aliyetua ndoo aliyosahau kwamba ameibeba. Mwanajuma alipotoka kunitafuta alinikuta nimevimba macho na ninatabasamu, akafikiri nimechanganyikiwa. Alikaa kando yangu, akaniambia duka watalifungua wiki ijayo, Kazungu amekubali kuendelea, naye atakaa mwenyewe kwenye mizani. "Nje mpaka leo hapana kibao, Mishi. Utuandikie." Nikatoa kalamu mkobani. Nikamuuliza niandike nini.

"Andika viungo. Nazi. Unga wa mchele. Siki ya nyumbani."

Nikaandika. Nikangoja, kalamu juu ya karatasi. Mwanajuma akanitazama, akamtazama Bwana Mutua, akarudi kunitazama mimi, na kwa sauti ndogo ile ile ya mama yake akasema, "Tembo usiliandike."